Maji ya Meno

Kutoka Gilgil hadi Kitale ni safari ya siku moja kwa mtu aliye na gari zima. Mimi ilinichukua siku tisa. Lori la Kamau lilitoka kwetu tupu, likienda kupakia mahindi ya msimu, nami nilikuwa taniboi wake, yaani utingo, ingawa umri wa kuwa taniboi ulikuwa umenipita kwa miaka kumi na tano hivi. Nilikuwa nimeshashona magunia ya ngano Narok, nimepakia magadi kule Magadi kwenyewe, nimeuza viatu vya plastiki Isiolo hadi nikawa najua saizi ya mguu wa mtu kwa kumtazama akija. Nina cheti cha kidato cha nne na miguu inayowasha. Mahali nikikaa miaka miwili, naanza kuota barabara.

Timboroa ekseli ilikatika. Tulikaa siku nne tukingoja nyingine kutoka Nakuru, tukichoma viazi kando ya lori na kujifunika turubai. Eldoret tulipoteza siku mbili zaidi kwa sababu ya karatasi za lori. Halafu, tulipokaribia Moi's Bridge, gego la Kamau likaamka. Shavu lilifura kama andazi. Alijaribu karafuu, akajaribu tumbaku, akajaribu hata pamba yenye mafuta ya taa. Mwishowe alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shavu, na mimi ndiye niliyembadilishia gia. Akiguna mara moja, natia ya tatu. Akiguna mara mbili, narudi ya pili. Hivyo ndivyo tulivyoingia Kitale, lori zima likiendeshwa na jino.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyuma. Mwenyewe alikuwa Daktari Balbir, Kalasinga wa makamo aliyezaliwa papo hapo Kitale, mtu wa maneno machache na kilemba cha buluu. Msaidizi wake alikuwa ameacha kazi wiki hiyo, kwa hiyo alipoona Kamau anatetemeka kitini aliniambia nishike kichwa. Nikakishika. Kamau ni mtu wa kubeba gunia la mahindi akipiga mluzi, lakini kichwa chake hakikuhama. Gego lilipotoka, daktari hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Fungua mdomo."

Nilifungua kwa aibu, maana meno yangu ni ya kahawia, na yale ya mbele yana michirizi kama gome la mti. Kwetu wengi tuko hivyo. Akayagonga moja moja kwa kichuma chake, juu na chini, kama mama anayejaribu vyungu sokoni.

"Shimo hakuna hata moja," akasema. "Wewe mtu ya Gilgil ama ya Elementaita?"

"Gilgil."

"Mimi najua. Hii meno ni kitambulisho. Na mkono yako haitetemeki. Kesho saa mbili uko hapa."

Kamau alirudi na mahindi bila taniboi.

*

Sijui kama mtu wa miaka arobaini na kitu anaruhusiwa kusema amestaafu. Lakini kazi ile nimeiacha na siirudii, kwa hiyo ninyi mnaoianza sasa, vijana wa kushika vichwa na kuchemsha vyuma, niwaachie nilichonacho kabla sijakisahau.

Usimwambie mgonjwa kwamba haitauma. Mwambie itauma namna gani na kwa muda gani: utasikia kama siafu, hesabu hadi kumi. Mtu husamehe maumivu aliyoahidiwa. Kile kioo kidogo cha mdomo kitie kwanza kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo pumzi itakifunika ukungu na atakayelaumiwa ni wewe. Koleo la kung'olea lipitishe chini ya kidevu, lisipite mbele ya macho. Na kichwa usikibane kama mwizi. Weka kiganja nyuma ya sikio, kiache kilale, kitakuwa kizito chenyewe.

Mtoto usimwambie afungue mdomo. Mtoto akiambiwa afungue, anafunga. Mpe neno la kusema. Sauti za "f" na "v" hushusha meno ya juu kwenye mdomo wa chini, na yale ya mbele yote yanaonekana. Mimi nilikuwa namuuliza mtoto kuku wao ana vifaranga vingapi. Akishasema "vifaranga vinne", umeona unachotaka. Hiyo niliigundua mwenyewe, sikuisoma popote, na mtaona ilikuja kunifaa wapi.

Siku hizi mna mashine ya mvuke ya kusafishia vyuma, inajizima yenyewe na kupiga kengele. Daktari Balbir aliniambia kwamba yeye alianza kwa sufuria na jiko la mafuta, na kwamba siku moja msaidizi wake wa wakati ule aliona maji yanachemka akatia majani ya chai. Walikunywa wawili. Walijua wakati wa kumimina kikombe cha tatu, koleo lilipogonga ukingo wa sufuria.

*

Miezi yangu ya kwanza ilikuwa migumu kwa sababu ya mdomo wangu. Mtu anakuja kuambiwa apige mswaki, na anayemwambia ana meno ya rangi ya chai. Watoto wa shule ndio walionipa jina. Turungi, waliniita, yaani chai isiyo na maziwa. Jina likashika hadi Bungoma, ambako kila Jumatano tulikuwa tukifungua chumba cha kukodi karibu na soko. Wagonjwa waliulizana mlangoni, "Ati Turungi yuko leo?"

Daktari ndiye aliyenieleza siri ya meno yangu. Katika maji huwa kuna madini yaitwayo floridi. Huyaoni wala huyaonji. Maji ya visima virefu vya kwetu bondeni yanayo mengi kupita kiasi. Maji waliyokuwa wakinywa watu wetu wa Kitale na Bungoma, ya mvua, ya chemchemi na ya vijito vinavyoshuka mlimani, daktari aliyapeleka kupimwa mara kwa mara, na kila mara jibu lilikuwa karibu hakuna. Jino lisilopata floridi halina ngao. Sukari inapokaa juu yake huzaa asidi, nayo inalila polepole bila kelele.

"Huku watu wanakuja na meno nyeupe kama maziwa," aliniambia, "na ndani iko shimo ya kuingia panya. Kwenu meno mbaya haiozi. Huku meno mzuri inaoza."

Maneno hayo yalinifurahisha kuliko ilivyostahili. Maisha yangu yote nilikuwa nikicheka huku mkono uko mdomoni, na sasa daktari mzima ananiambia meno yangu ni imara kuliko ya watu wa mjini. Nilisikia nusu ya alichosema. Nusu niliyoipenda.

Hapo ndipo nilipoanza kujigamba. Tulikuwa tukienda shuleni, kuanzia Mabanga hadi Kapsokwony, daktari akiwakagua watoto na mimi nikiwahubiria. Nilisimama mbele yao, nikafungua mdomo, nikasema: mnacheka Turungi, lakini Turungi hajawahi kung'olewa hata jino moja. Maji ya kwetu yana floridi, yanatia rangi, lakini yanatia nguvu pia. Watoto walicheka. Siku moja Mabanga, nyuma ya darasa, alisimama mama mmoja ambaye hakucheka.

*

Huyo alikuwa Mama Nafula. Alikuwa akimenya na kuuza miwa kwenye soko la Bungoma, vipande kumi kwenye mfuko wa nailoni, na watoto wake wawili walikula vilivyobaki kuanzia asubuhi hadi jioni. Mumewe alikuwa mwashi upande wa Uganda. Binti yake, Nafula, alikuwa na miaka minane, na wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemng'oa gego.

Hapa nisimame niwafunze jambo, maana mtalikuta kila siku. Mtoto akifika miaka sita, linaota gego nyuma ya meno yote ya utoto. Halichukui nafasi ya lolote, linakuja tu kimya kimya, kwa hiyo wazazi hulidhani ni la utoto. Likioza wanasema liache, litaanguka lije jingine. Haliji jingine. Hilo ndilo la mpaka kaburini. Mama Nafula alilisikia hilo siku ile ile, koleo likiwa tayari limeshafanya kazi yake. Hakulia. Aliomba apewe lile jino, akalifunga kwenye kona ya leso.

Sasa alinifuata nje ya darasa la Mabanga, mgongoni amembeba mdogo, Wekesa, wa miaka miwili.

"Turungi," akaniambia, "hayo maji ya kwenu ya flolidi, unaweza kuniletea?"

Mtu mwenye busara angeuliza daktari. Mimi nilimpigia simu Kamau.

Kamau alikuwa akipita kila wiki mbili. Alicheka, akasema hajawahi kuona mtu akisafirisha maji kutoka kwenye ukame kwenda kwenye mvua, lakini alijaza mtungi wa lita ishirini kwenye kisima cha kijijini kwetu na kuuleta. Nikauandika kwa wino mweusi: MAJI YA MENO. Jumatano nilimpa Mama Nafula. Jumatano ya pili baadaye akarudisha mtungi mtupu, nikampa mwingine. Ilikuwa hivyo kwa miezi saba. Alikuwa akimpa Nafula kidogo na Wekesa mengi. "Huyu mkubwa nilishachelewa," alisema. "Huyu ndiye wa kuokolewa." Uji wa Wekesa ulipikwa kwa maji hayo, chai yake ilikuwa ya maji hayo. Majirani walianza kuuliza kama na wao wanaweza kuletewa.

Nataka mnielewe. Sikuwa nikificha. Nilikuwa najivunia. Kwa mara ya kwanza katika kutangatanga kwangu kote, kitu kilichotoka kwetu kilikuwa kinatakiwa mahali.

*

Daktari aliuona mtungi Jumatano moja, ukiwa kwenye kona ya chumba chetu cha Bungoma. Akasoma maandishi, akauliza hii ni nini. Nikamweleza yote, kwa furaha, na jinsi majirani wanavyoyataka. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Sikuwahi kumwona akikaa pale.

"Mtoto miaka ngapi?"

"Miwili na nusu."

Akatungua kioo cha ukutani akanipa nijitazame. "Hii rangi unafikiri ni nini? Nguvu? Hii ni ugonjwa. Meno yako iliumizwa kabla haijatoka." Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Baba yako anaweza kuinama?"

Baba yangu hakuweza kugeuza shingo. Ukimwita, aligeuka mwili mzima, kama mlango. Tangu nikiwa shule ya msingi mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekakamaa kama ubao. Sisi tulisema ni baridi, wengine walisema ni kazi ya kuchimba. Hakuna aliyesema ni maji, na daktari hakuwahi kumwona baba yangu.

Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma. Floridi ni kama chumvi kwenye mboga. Ikikosekana, mboga haina maana. Ikizidi, mboga unamwaga. Katika utoto, meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi, hayaonekani, na yakipata floridi nyingi wakati huo yanatoka na madoa au yanamegeka. Ikizidi kwa miaka mingi sana, inaingia kwenye mifupa na kuikaza.

Nikauliza kama mgongo wa Wekesa utakauka.

"Kwa miezi saba? Mfupa usiogope. Ogopa meno mbili ya mbele, ya juu." Akaonyesha kwa kidole. "Iko inajengwa sasa hivi. Kama chapati kwa kikaango, upande wa chini huoni. Itatoka akiwa miaka saba. Labda nyeupe. Labda kama yako. Mimi sijui, na wewe hujui."

Nikamwomba aende akamwambie mama.

"Hapana. Wewe ulipeleka maji. Wewe utapeleka maneno."

*

Nilimkuta sokoni anamenya miwa. Nilimweleza nikiwa nimechuchumaa, kwa sababu nilidhani nikisimama nitakimbia. Hakuacha kumenya. Maganda yalikuwa yakianguka kwenye viatu vyangu. Nilipomaliza alisema, "Fungua."

Nikafungua mdomo, pale sokoni, watu wakipita. Alinitazama kwa muda mrefu, jino kwa jino, kama daktari wangu alivyonitazama siku ya kwanza.

"Ulisema ni nguvu."

"Nilisema."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Mama Nafula. Nilipenda kuamini."

Akakata kipande, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga. Alikuwa na nusu mtungi nyumbani, akasema. Nikamwambia amwage. Akasema hamwagi, atafulia nguo, pengine na zenyewe hazitaoza. Mama jirani yake alicheka, mimi nilishindwa. Halafu akaniambia lile jambo ambalo lilinifunga kamba mguuni kwa miaka mitano.

"Dereva wako alipopita hapa sokoni aliniambia wewe ni mtu wa kuzunguka. Hukai mahali. Basi usizunguke mpaka meno ya Wekesa yatoke. Yakitoka mabaya, nataka nijue uko wapi."

Nikamwahidi.

*

Miaka mitano, kwa mtu wa miguu kama yangu, si kitu kidogo. Kamau alinishawishi twende njia ya Lodwar, baadaye ya Juba. Mara moja nilifungasha mkoba, nikafika hadi stendi ya Kitale asubuhi, nikanunua mandazi, nikayala yote nikiwa nimesimama, nikarudi kazini. Daktari aliuona mkoba. Alisema tu kwamba kuna vyuma vya kuchemsha.

Lakini ni katika miaka hiyo nilipojifunza kazi, maana kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza kushika vichwa tu. Niliacha kujigamba shuleni. Nilifungua mdomo na kusema: hii ni kuzidi, na lile shimo kwenye jino lako ni kupungukiwa, sote wawili tumeumizwa na maji. Niliwafundisha dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala: kwa mtoto mdogo kiasi cha punje moja ya mchele, akifika miaka mitatu punje ya njegere, na mkubwa amshikie mswaki. Kisha tema, usisukutue kwa maji, maana ukisukutua umetema dawa na ngao pamoja. Wengi wenu mnasukutua. Acheni.

Baadaye daktari akaanza kupaka watoto ile rangi ya floridi, unaipaka kwa brashi kama mtu anayepaka kucha. Shule nzima inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Zamani tungekuwa tunang'oa. Mkipaka, kausheni jino kwa pamba kwanza, na mwambieni mtoto jino litakuwa la manjano hadi kesho, la sivyo mama yake atakuja na rungu.

Na mifupa nayo watawauliza. Mzee mmoja wa Kapsokwony alishuka kwa pikipiki kuomba floridi ya mkewe, aliyeteleza akavunjika nyonga. Alikuwa amesikia kwamba maji ya mlimani hayana hiyo dawa, basi mifupa ya watu wa mlimani lazima iwe dhaifu. Daktari alimwagizia chai. Akamwambia ukweli kwamba mifupa hunywa floridi kama meno, na kuna waliodhani kwamba kukosa kunailegeza, lakini yeye kwa upande wa meno angeapa, kwa upande wa mifupa hawezi kuapa. Akamwandikia barua ya hospitali, akamwambia ampe mkewe maziwa, jua na mboga. Mzee akasema, "Kumbe wewe daktari unaweza kusema hujui." Akaondoka ameridhika. Nililiweka neno hilo. Laiti ningelisema mimi pale Mabanga.

Kila Jumatano Mama Nafula alipita na Wekesa. Aliacha kuwapa watoto miwa ya siku nzima. Walikula baada ya chakula, wakanywa maji, basi. Wekesa alikuwa mtoto mcheshi mwenye meno madogo meupe ya utoto, na kila nilipoyaona nilijua hayana habari yoyote. Habari ilikuwa juu ya meno hayo, ndani ya ufizi, inasubiri.

Alipokaribia miaka sita, baba yake alipata kazi ya kudumu karibu na mpaka, familia ikahamia Lwakhakha. Mama Nafula akaanza kuuza karanga na vitunguu kwa watu wanaovuka daraja. Jumatano zikawa tupu. Nilikuwa nampigia simu mara moja kwa mwezi. Ya chini yametoka, aliniambia, yako sawa. Ya juu yameanguka. Pengo liko wazi. Bado. Bado.

Halafu siku moja akapiga yeye. "Yametoka. Yote mawili."

"Yana rangi gani?"

"Njoo uone mwenyewe." Akakata simu.

*

Nilifungasha mkoba wangu wote. Nilimwambia daktari kwamba yakiwa ya kahawia nitarudi, nitafanya kazi chini yake hadi mtoto akue atengenezewe meno kwa mshahara wangu; yakiwa meupe sirudi. Hakubisha. Alitoa kile kioo kidogo cha mdomo nilichokitumia miaka yote, akakifunga kwenye karatasi, akanitilia mfukoni. "Pasha moto kwanza," akasema, kana kwamba ni siku yangu ya kwanza.

Lwakhakha niliwakuta nyuma ya kibanda chao. Nafula alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, akanisalimia "mulembe" na kunipa kigoda. Wekesa alisimama nyuma ya mama yake akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi mwenyewe niliishi na kiganja hicho kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimtazama mama yake nipate dokezo, hakunipa. Uso wake ulikuwa kama siku ile ya miwa.

Sikumwambia mtoto afungue. Kulikuwa na kuku anapekua maganda ya karanga.

"Wekesa, huyo kuku wenu ana vifaranga vingapi?"

Akashusha mkono ili ahesabu kwa vidole. "Vifaranga vitano," akasema. "Vilikuwa vifaranga sita, kimoja kimechukuliwa na mwewe."

Meupe.

Makubwa kuliko uso wake, kama meno yote mapya yalivyo, na kingo zenye vijino kama vya msumeno. Meupe kama ndani ya nazi. Niliomba maji ya vuguvugu, nikapasha kioo, nikamgeuza aelekee mwanga, na safari hii akafungua mwenyewe kwa sababu alitaka kujiona. Nilipita taratibu. Hakuna doa la kahawia, hakuna mahali palipomegeka. Ila kwenye jino la kulia, karibu na ncha, palikuwa na wingu dogo kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya. Mtu asiye wa kazi hii asingeliona kwa urahisi.

Nilikaa na kioo mkononi. Ningeweza kusema yote ni mazuri, na ingekuwa karibu kweli.

"Mama Nafula, hapa pana alama," nikasema. "Haitamdhuru. Lakini ni ya maji yangu. Ni mimi."

Akaenda ndani, akarudi na kikombe cha chai, akaniwekea mkononi. Ilikuwa ya maziwa.

"Niliiona siku lilipotoka," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia kwenye simu. Nilitaka kujua kama utaisema."

Halafu akacheka mdomo wazi, mara ya kwanza tangu nimjue, na nikaona kwamba na yeye upande wa kushoto hana magego mawili, na kwamba miaka hii yote alikuwa akicheka mdomo ukiwa umefungwa.

"Kunywa uende," akaniambia. "Miguu yako nimeishika vya kutosha."

Nilimpigia daktari nikiwa nimekaribia daraja, mkoba begani. Hakunisalimia.

"Rangi gani?"

"Nyeupe, daktari. Na chaki kidogo upande mmoja."

Nikasikia mlio wa vyuma vikiwekwa kwenye sinia.

"Chaki si kitu. Basi, enda. Iko mgonjwa hapa."

Afisa wa mpakani alinitazama, akauliza ninacheka nini peke yangu. Sikuwa nimejua kwamba nacheka. Mkono mmoja ulikuwa na kitambulisho, wa pili ulikuwa umeshika ukanda wa mkoba, na mdomo ulikuwa wazi kabisa, meno yote nje.